Wakati wa Mtoto: Mchezo wa Nje na Elimu ya Awali Songea

Mchezo wa nje katika darasa la awali na madarasa mawili ya mwanzo ya shule ya msingi huzungumzwa zaidi kama suala la mbinu: watoto wacheze muda gani, kwa zana zipi, chini ya uangalizi wa nani. Nyuma ya mbinu hizo liko swali kongwe ambalo wanafalsafa na wanadini wamelijadili kwa karne nyingi bila kuafikiana. Saa ambayo mtoto wa miaka mitano anaitumia kukimbizana uwanjani ni ya nani? Ikiwa ni ya mtu mzima ambaye mtoto huyo atakuja kuwa, mchezo lazima ulipe: uonyeshe faida yake katika kusoma, kuandika na kuhesabu, na ukishindwa kuionyesha ufupishwe. Ikiwa ni ya mtoto mwenyewe, leo hii, mchezo hauhitaji kibali cha namna hiyo. Shule nyingi hushika majibu yote mawili kwa pamoja bila kuyatenganisha. Asubuhi mchezo husifiwa katika andalio la somo, na saa nne hukatwa kwa sababu muhtasari haujakamilika.

Nchini Tanzania swali hili limepata uzito mpya kadiri darasa la awali lilivyoingizwa ndani ya shule ya msingi. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 iliitambua elimu ya awali kuwa sehemu ya mfumo rasmi. Sera ya mwaka 2014 iliifanya ya lazima kwa mwaka mmoja, na kuanzia Januari 2016 elimu bila ada ikafungua milango kwa watoto wengi kuliko vyumba vilivyokuwapo. Toleo la mwaka 2023 la sera hiyo limeweka miaka 6 kuwa umri wa kuanza darasa la kwanza. Mtoto wa miaka 5, ambaye kizazi kimoja nyuma alikuwa akishinda nyumbani na bibi yake au katika chekechea ya parokia, sasa ni mwanafunzi mwenye sare na jina katika daftari la mahudhurio. Kwenye maandishi mchezo umeshinda: mtaala wa elimu ya awali unataka mtoto ajifunze kwa michezo, darasa liwe na kona za ujifunzaji, na mazingira ya nje yatumike. Lakini mtaala wa darasa la kwanza na la pili, uliopangwa upya mwaka 2015 kuzunguka stadi za kusoma, kuandika na kuhesabu (KKK), unapimwa kwa jambo jingine kabisa, yaani kama mtoto anasoma au hasomi. Mwalimu anayepokea watoto sabini anajua ni lipi kati ya hayo mawili ataulizwa na mkaguzi.

Songea, makao makuu ya Mkoa wa Ruvuma, inafaa kuwa mahali pa kulitazamia swali hili. Ardhi ipo. Shule nyingi za msingi za manispaa na za vijiji vinavyoizunguka zina viwanja vipana vya udongo mwekundu, mwembe mmoja au miwili, na shamba la mahindi ukingoni. Msimu wa mvua ni mmoja, kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi Aprili, kwa hiyo mwaka wa shule unaanza wakati mahindi yamesimama na uwanja ni matope. Juni na Julai huja baridi na upepo kutoka milimani. Baada ya mavuno mabua hutapakaa kila mahali, na huo ndio msimu wa magari: mtoto hukata bua, hulimenya, huunga vipande kwa vijiti, akapata chasisi, magurudumu na usukani mrefu wa kusukumia akiwa amesimama. Mvua zinapokaribia tena, masuku huanza kuiva porini na watoto hujifunza, bila kufundishwa na yeyote, ni mti upi huwahi na upi huchelewa.

Michezo yenyewe inajulikana nchi nzima. Katika mdako, mchezaji hurusha kete juu, huchota mawe kutoka katika kishimo, huidaka kete kabla haijaanguka, kisha huyarudisha mawe akibakiza moja. Mzunguko unaofuata abakize mawili, halafu matatu. Mtoto wa kike aliyekubuhu katika mdako ametoa na kugawa mafungu mamia ya mara kabla ya kuiona alama ya kutoa ubaoni. Katika rede, aliye katikati hujaza mchanga kwenye chupa huku akikwepa mpira wa makaratasi, na ni lazima apime kwa wakati mmoja mpira, chupa na wenzake wawili. Katika kombolela, mmoja aliyejificha vizuri anaweza kuwakomboa wote waliokwisha kukamatwa, kwa hiyo mtoto mdogo na dhaifu hubaki na thamani hadi dakika ya mwisho. Orodha ya faida kama hizi inaweza kurefushwa kadiri mtu apendavyo. Ugumu wa suala unaanzia hapo hapo, maana kila faida inayotajwa inaukabidhi mchezo kwa mtu mzima aje aukague.

Uwanja wa shule Songea haukuanza kama mahali pa kuchezea. Wamisionari Wabenediktini waliofika Peramiho mwaka 1898, magharibi ya mji, walileta shule na pamoja nayo mpangilio wa siku: sala, kazi, masomo, kila kimoja kwa kengele yake. Misheni ile ilichomwa mwaka 1905 katika Vita ya Majimaji, ambayo huko Ungoni iliishia kwenye vitanzi vya mwaka 1906, Nduna Songea Mbano akiwa miongoni mwa walionyongwa. Kisha ikajengwa upya, ikakua na kuwa abasia yenye karakana, hospitali, kiwanda cha uchapaji na shule. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa karne ya 6, inaonya kwamba kukaa bure kunadhuru roho na inagawa saa za siku kati ya kazi ya mikono na usomaji. Shule iliyozaliwa katika kivuli cha kanuni hiyo isingeweza kuutazama uwanja kama nafasi tupu. Nje palikuwa mahali pa jembe. Kwa haki inafaa kuongezwa kwamba Kanuni hiyo hiyo, inapofika kwa wazee na watoto, inalegeza ukali: inaagiza udhaifu wao ufikiriwe na waruhusiwe kula kabla ya saa iliyopangwa. Benedikto alitambua kwamba saa ya mtoto haiendi sawa na saa ya mtu mzima, hata kama hakulifikisha wazo hilo hadi kwenye mchezo.

Miaka ya 1960 jembe lilipata maana nyingine. Katika kijiji cha Litowa, wilayani Songea, Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, kilichoongozwa na Ntimbanjayo Millinga, kiliunganisha vijiji kadhaa vya wakulima waliolima na kugawana mavuno kwa pamoja. Shule ya Litowa ilifungamanishwa na maisha ya kijiji: wanafunzi walilima, walifuga, na walishiriki kupanga mambo ya shule yao. Julius Nyerere alikuwa rafiki wa jaribio hilo, na Litowa hutajwa mara nyingi inapojadiliwa Elimu ya Kujitegemea, andiko lake la Machi 1967. Mwaka 1969 TANU ilikivunja chama kile. Katika andiko lake Nyerere anakumbusha kwamba Mwafrika wa kabla ya ukoloni hakuwa na majengo ya shule na bado alielimishwa: mtoto alijifunza kwa kuishi na kutenda, akajua majani ya porini na matumizi yake, kazi za shamba, utunzaji wa mifugo, na historia ya watu wake kutoka kwa wazee. Hiyo ni hoja yenye nguvu ya kumtoa mtoto nje ya kuta nne. Hata hivyo uzito wake uko kwenye kazi. “Nje” ya Nyerere, kama “nje” ya Wabenediktini, ni mahali ambapo mtoto anajiandaa kuwa na manufaa. Nia ilikuwa njema, na katika shule nyingi za nchi matokeo ya miaka mingi yalikuwa ya kawaida tu: fagio, kidumu cha maji, na shamba la shule ambalo mavuno yake mwanafunzi hakujua yalikokwenda.

Hata hivyo elimu ya asili ya sehemu hizi ilikuwa na upande ambao andiko la mwaka 1967 halikuukazia. Mwanaanthropolojia Margaret Read, katika kitabu chake cha mwaka 1959 kuhusu makuzi ya watoto wa Wangoni wa Nyasaland, alieleza mchezo uliopendwa na wavulana wa miaka mitano hadi saba: mahakama. Waliketi kwa mpangilio wa baraza, mmoja akiwa chifu, wengine wazee, mlalamikaji na mlalamikiwa wakatoa maelezo yao, mashahidi wakahojiwa, na adhabu zikatolewa kwa ukali ambao baba zao huenda wasingeuthubutu. Miongoni mwa Wangoni aliowachunguza walikuwamo wa Maseko, ambao kabla ya kurudi kusini katika karne ya 19 waliwahi kukaa eneo hili hili la Songea. Hakuna mzee aliyewapangia watoto wale mchezo huo wala aliyekuja kupima kama wameelewa sheria. Walicheza kwa sababu baraza lilikuwa jambo zito na la kuvutia katika ulimwengu wao, na mchezo uliwapa ruhusa ya kuingia mahali ambapo umri wao haukuwaruhusu. Atakayetaka kusema kwamba walikuwa wakijifunza uraia hakosei, ila atakuwa amesema kuhusu mchezo ule kitu ambacho wachezaji wenyewe hawakukikusudia.

Wanafalsafa wa Ulaya waliligusa jambo hili kwa sura mbili zinazopingana. Rousseau, katika Émile ya mwaka 1762, aliuliza ni haki gani inayomruhusu mlezi kuitoa kafara leo ya mtoto kwa ajili ya kesho isiyo na uhakika. Hoja yake ilikuwa ya kutisha kwa urahisi wake: wengi wa watoto wa zama zake hawakufikia utu uzima, na aliyekufa akiwa na miaka minane baada ya kufungiwa na vitabu alikuwa amelipa gharama ya maisha ambayo hakuyaishi. Hoja hiyo haikufa pamoja na karne yake. Hata pale ambapo watoto wengi wanaishi, inabaki kwamba utoto ni sehemu ya maisha, na ni vigumu kueleza kwa nini sehemu hiyo peke yake ihesabiwe kuwa njia ya kupitia tu. Kant, ambaye alimsoma Rousseau kwa upendo, hakukubali yote. Katika mihadhara yake juu ya malezi, iliyochapishwa mwaka 1803, anasema mtoto acheze, awe na saa zake za kupumzika, lakini ajifunze pia kufanya kazi, na shule ndiyo mahali pa kulijenga zoea hilo. Kumzoesha kuona kila kitu kuwa mchezo, kwa maoni yake, ni kumharibu. Wazazi wengi wa Songea, bila kumsikia Kant, wanamuunga mkono.

Friedrich Fröbel, mtoto wa mchungaji wa Kilutheri, alijaribu kutafuta njia ya tatu. Alifungua taasisi yake huko Bad Blankenburg, Ujerumani, mwaka 1837, na mwaka 1840 akaipa jina la bustani ya watoto. Kwake mchezo haukuwa mapumziko baada ya kazi wala maandalizi ya kazi; ulikuwa namna ambavyo sheria ya Mungu iliyo ndani ya kila kiumbe hujitokeza katika umri ule, kwa hiyo kuuzuia ni kumzuia Muumba asimalize alichoanza. Serikali ya Prussia haikuvutiwa na teolojia hiyo. Mwaka 1851 ilizipiga marufuku bustani za watoto kwa tuhuma za ukafiri na ujamaa, kwa kiasi fulani kwa kumchanganya Fröbel na mpwa wake mwenye siasa kali. Fröbel alifariki mwaka uliofuata. Marufuku iliondolewa mwaka 1860. Kisa hicho ni kidogo, lakini kinaonyesha kwamba dola na dini ziliutambua mchezo wa watoto wadogo kuwa jambo lenye mafundisho ndani yake. Hakuna serikali inayojisumbua kupiga marufuku upuuzi.

Dini mbili kubwa za Songea, Ukristo na Uislamu, hutajwa mara nyingi kama sababu za kumkalisha mtoto: mafundisho ya Jumamosi, chuo cha Kurani jioni, heshima, utulivu. Vitabu vyao vinasema zaidi ya hayo. Katika mapokeo ya Kikristo ushahidi wa mapema ni wa malalamiko. Agostino, katika Maungamo, anakumbuka kwamba alipokuwa mtoto huko Afrika ya Kaskazini alichapwa na walimu kwa kupenda mchezo wa mpira kuliko masomo. Anajihukumu kwa kutotii, lakini hawasamehi waliomchapa: upuuzi wa watu wazima, anasema, huitwa shughuli, na ule wa watoto huadhibiwa. Lakini katika Agano la Kale nabii Zekaria, anapoueleza Yerusalemu uliorejeshwa na Mungu, haonyeshi hekalu peke yake. Anataja wazee wenye mikongojo wameketi, na viwanja vya mji vimejaa wavulana na wasichana wanaocheza. Watoto wale hawaandaliwi kwa jambo lolote. Ahadi imekwisha kutimia, na kucheza kwao ni dalili yake.

Thomas wa Akwino, katika karne ya 13, aliliweka suala hili kwa usahihi kuliko wengi, na alilijibu mara mbili. Katika Summa Theologiae anasema nafsi huchoka kama mwili unavyochoka, na mchezo ndio pumziko lake. Anasimulia kisa cha kale cha Yohane mwinjili aliyekutwa akicheza na wanafunzi wake: waliokwazika akawaonyesha kwamba upinde uliovutwa bila kulegezwa huvunjika. Hapo mchezo bado ni mtumishi. Unalegeza upinde ili uweze kuvutwa tena. Lakini katika dibaji ya ufafanuzi wake wa kitabu cha Boethius anasema jambo jingine. Kuitafakari hekima, anaandika, kunafanana na mchezo kwa sababu mbili: mchezo unafurahisha, na mchezo haufanywi kwa ajili ya kitu kingine. Ndipo jambo la juu kabisa analoliweza mwanadamu, kwa kipimo cha Thomas mwenyewe, linaelezwa kwa mfano wa jambo ambalo mtoto wa darasa la awali analifanya kila siku bila kujua. Yule anayeutetea mchezo kwa hoja ya upinde peke yake amechukua nusu ya mafundisho, na nusu aliyoiacha ndiyo yenye thamani zaidi.

Uislamu una mgawanyiko unaofanana na huo. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameandika katika Ihya kwamba mtoto anapotoka chuoni aruhusiwe mchezo mzuri wa kumwondolea uchovu. Kumnyima mchezo na kumlemea kwa masomo daima huua moyo wake, hudhoofisha akili yake na humfanya atafute hila za kuyakimbia masomo yenyewe. Ni ushauri wa mwalimu mzoefu, na ungefaa kubandikwa katika ofisi za walimu wakuu. Bado ni ushauri wa upinde: mchezo ni kwa ajili ya somo la kesho. Hadithi za Mtume zinakwenda mbali zaidi. Inasimuliwa katika Sunan ya Nasai kwamba Mtume alirefusha sijida hadi watu wakadhani limetokea jambo, na baada ya sala akawaeleza kuwa mjukuu wake alikuwa amempanda mgongoni na hakupenda kumharakisha kabla hajatosheka. Swala ni nguzo ya dini, safu nzima ya waumini ilikuwa imesujudu, na kipimo cha muda kilichotumika kilikuwa kutosheka kwa mtoto. Hakuna faida ya baadaye inayotajwa katika simulizi hiyo. Mtoto hakuwa akifundishwa kitu.

Kwamba dini na mchezo vinaweza kukaa chumba kimoja kulithibitishwa katika pwani. Katika miaka ya 1980 jamii za Waislamu wa Mombasa, kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, zilianzisha shule za awali za madrasa chini ya uongozi wa Bi Swafiya Said. Mpango huo ukafika Zanzibar na Uganda katika miaka ya 1990. Kurani na dua zilibaki. Pembeni yake viliwekwa vifaa kutoka mazingira yenyewe, kama simbi, vifuu, mbegu na mchanga. Wazazi waliohofia kwamba watoto watapotezewa muda walishirikishwa tangu mwanzo, kwa kuwa shule zilikuwa mali ya jamii. Mkoa wa Ruvuma hauna pwani, isipokuwa ile ya Ziwa Nyasa, lakini vifaa vya namna hiyo haukosi: visoda, mabua, magunzi, kokwa za maembe.

Pingamizi la mzazi linastahili kusikilizwa kwa makini kuliko linavyosikilizwa katika semina. Mzazi aliyeuza madebe kadhaa ya mahindi ili anunue sare, viatu na madaftari anauliza kwa nini mtoto aende shule kucheza ilhali nyumbani anacheza bure. Ndani ya swali hilo kuna haki. Mtoto wa tajiri akichelewa kusoma ana mwalimu wa ziada na vitabu sebuleni. Mtoto wa mkulima ana shule hiyo moja. Falsafa inayosifu mchezo ilhali darasa la pili linamaliza mwaka bila kusoma sentensi ni anasa ya watu wengine. Kant angelikubali hilo, na Nyerere pia.

Dhana kwamba nyumbani mtoto anacheza bure, hata hivyo, si kweli kwa watoto wote. Ni kweli zaidi kwa wavulana. Msichana wa miaka sita mara nyingi ana mdogo wake mgongoni, ndoo ya kuchota, sufuria za kusugua. Hucheza katikati ya kazi, na mchezo wake hukatizwa kila anapoitwa. Mtoto mwenye ulemavu hufichwa ndani katika baadhi ya familia, au huachwa kizingitini wenzake wanapokwenda mtoni. Kwa watoto hao wawili uwanja wa shule huenda ndio mahali pekee ambapo kuna wenzao wa rika lao, eneo lililo wazi, na nusu saa ambayo hakuna anayewatuma. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inautaja muda wa mapumziko na burudani pamoja na elimu na afya, na Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, una ibara ya 31 inayoutaja mchezo waziwazi. Haki hizo hazitimii nyumbani kwa sababu tu nyumbani kuna ua.

Mkanganyiko mwingi hutokana na kuyaita mambo mawili jina moja. Mwalimu anapowatoa watoto chini ya mwembe, akawapa visoda wapange mafungu ya kumikumi, au akawapeleka kutazama wanyama katika bustani ya Luhira, au akawaonyesha milima ya Matogoro na kuwaambia kwamba Mto Ruvuma unaanzia kule, anafundisha, na anafundisha vizuri. Akili ya mtoto hushika haraka alichokigusa na kukitembelea. Lakini huo si mchezo, hata watoto wakicheka. Mwalimu ameuanzisha, mwalimu ndiye anayejua jibu, na mtoto hawezi kusema kwamba leo visoda ni ng'ombe na mafungu ni mazizi. Mchezo, kama alivyoeleza mwanahistoria wa Uholanzi Johan Huizinga mwaka 1938, huanza kwa hiari na una sheria ambazo wachezaji wenyewe wamezikubali. Kigezo rahisi ni kuuliza kama mtoto anaweza kuacha, au kubadili, bila kukosea. Katika somo la nje hawezi. Katika kombolela anaweza, akiwashawishi wenzake.

Tofauti hii ina matokeo ya kivitendo. Shule inayohesabu somo la nje kuwa mchezo huona imekwisha kumlipa mtoto haki yake na hufuta mapumziko. Shule inayohesabu mapumziko kuwa ndiyo elimu ya mazingira humwacha mtoto bila kuongozwa katika mambo ambayo hatayagundua peke yake, kama jinsi mbegu inavyoota. Kimoja hakiwezi kulipia deni la kingine. Kwa darasa la watoto sabini lenye mwalimu mmoja, somo la nje ni gumu kuliendesha na linahitaji maandalizi; mchezo unahitaji kidogo sana, yaani uwanja uliookotwa chupa na miiba, kivuli, maji ya kunywa, na mtu mzima aliye karibu kiasi cha kuona na mbali kiasi cha kutoingilia. Ajabu ni kwamba kilicho rahisi ndicho kinachopunguzwa kwanza.

Jambo ambalo shule inaliamini kweli huonekana katika adhabu zake. Kuzuiwa kutoka nje wakati wa mapumziko ni adhabu inayopendwa na walimu wengi: asiyemaliza kuandika anabaki darasani, aliyepiga kelele anabaki, na mara nyingine darasa zima linabaki kwa kosa la wawili. Inaonekana adhabu ya upole ikilinganishwa na fimbo, na mwalimu anayeitumia mara nyingi ana nia njema. Lakini ina maana tu ikiwa mchezo ni ujira unaotolewa baada ya kazi na unaoweza kuzuiliwa kazi isipofanyika. Kwa hoja ya upinde haina mantiki, maana anayezuiliwa kwa kawaida ndiye aliyechoka zaidi. Kwa hoja ya Zekaria na ya sijida iliyorefushwa ina kasoro kubwa zaidi, kwa sababu inachukua kwa mtoto kitu ambacho shule haikumpa. Hakuna mwalimu wa Songea anayemnyima mtoto uji kwa kuwa herufi zake zimepinda, na shule inayokubali kwamba saa ya kucheza ni ya mtoto itahitaji kutafuta njia nyingine ya kumfanya amalize kuandika.